Wasomaji Wanauliza: Tukishaachana na Petroli, Gari la Umeme Lile Nini?

Barua nyingi zilizoifikia safu hii zinazunguka jambo moja. Mota ya umeme imekwisha kukubalika, lakini wasomaji hawajaridhika kwamba betri ya kuchajiwa ukutani ndiyo njia pekee ya kuilisha. Wako waliosikia habari za hidrojeni, wengine za gesi, za miwa, za jua, na hata za maji ya bomba. Tumechagua barua nane na kuzifupisha.

Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa magari Gerezani, Dar es Salaam. Vijana wangu wananiambia tusijisumbue kujifunza betri, kwa sababu Wajapani wana gari la hidrojeni linalojazwa kwa dakika tano na kutoa maji badala ya moshi. Je, hidrojeni itaizika betri? Na ule mtungi wake si bomu?

Kuhusu gari lenyewe vijana wako hawakudanganywa. Toyota Mirai liliingia sokoni nchini Japani mwishoni mwa 2014, na toleo lake la pili, lililotoka mwishoni mwa 2020, hubeba kilo 5.6 za hidrojeni na kwa vipimo vya Marekani hufika kilomita zipatazo 640 kabla ya kujazwa tena. Ndani yake hakuna kinachowaka kama katika injini ya petroli: hidrojeni hukutana na oksijeni ya hewani ndani ya seli ya fueli, ambayo ni kifaa chenye utando mwembamba uliopakwa chembe za platini, na kinachotoka ni umeme, joto na maji. Kwa hiyo Mirai ni gari la umeme kamili, ila umeme wake hutengenezwa safarini badala ya kuwekwa akiba tangu nyumbani. Kanuni hiyo ni ya zamani. William Grove aliionyesha nchini Uingereza mwaka 1839, na vyombo vya anga vya Gemini vya Marekani viliitumia katika miaka ya 1960.

Shida iko kabla hidrojeni haijafika kwenye mtungi. Ni mahali pachache mno inapochotwa ikiwa safi na tayari kama maji ya kisima, karibu yote sharti itengenezwe. Ukitaka kuitoa kwenye maji kwa umeme, kilo moja hula uniti 50 hadi 55, kisha unahitaji umeme mwingine wa kuishindilia mpaka shinikizo la baa 700 na kuipoza ili iingie kwenye gari bila kupata joto kupita kiasi. Tuseme uniti 60 kwa jumla. Kilo hiyo italisogeza gari la ukubwa wa kawaida kilomita 100 au zaidi kidogo. Sasa chukua uniti zile zile 60 uzitie moja kwa moja kwenye gari la betri linalotumia uniti 18 kwa kilomita 100, ukihesabu na kinachopotea wakati wa kuchaji: utakwenda zaidi ya kilomita 300. Pengo hilo halitokani na uzembe wa wahandisi ambao utarekebishwa mwakani. Linatokana na kuubadilisha umeme kuwa gesi na gesi kuwa umeme tena, na kila mlango unaopitiwa hutoza ushuru wake.

Ushuru huo umeonekana mifukoni mwa watu. Huko California, ambako serikali na makampuni yalijenga vituo kwa bidii kuliko karibu mahali pengine popote nje ya Asia, kilo moja ya hidrojeni ilifika dola 36 katika miaka ya 2023 na 2024, yaani dola 200 kujaza gari moja kama Mirai. Shell ilifunga vituo vyake vya magari madogo jimboni humo mwanzoni mwa 2024, baada ya kufunga vya Uingereza mwaka 2022. Jiji la Montpellier, Ufaransa, lilikuwa limekubali kununua mabasi 51 ya hidrojeni. Januari 2022 likayaacha, kwa sababu hesabu zake zilionyesha kuwa kila kilomita ingegharimu senti 95 za yuro kwa hidrojeni na senti 15 kwa betri.

Kuhusu bomu, mitungi yenyewe imesukwa kwa nyuzi za kaboni na hupimwa kwa kugongwa, kuchomwa moto na hata kupigwa risasi. Si hiyo inayonipa wasiwasi. Kinachonipa wasiwasi ni kazi ya mkono. Mlipuko wa kituo cha Sandvika, karibu na Oslo, Juni 2019, ulitokana na boliti za kizibo cha tangi la kituo ambazo hazikukazwa inavyotakiwa. Wewe ni fundi, unajua boliti ya namna hiyo inavyoweza kupita mbele ya macho ya watu wengi. Wafundishe vijana wako betri.

Assalamu alaikum. Naishi Maskati, na huku kila siku tunasikia kwamba Omani itatengeneza hidrojeni kwa jua na upepo wa jangwani. Umeme wa jua ukiwa rahisi kiasi hicho, upotevu unaousema una ubaya gani? Meli zitaipeleka hadi Mombasa na Dar es Salaam.

Waalaikumu salaam. Hoja yako ni nzito kuliko inavyoonekana, maana mtu akipata umeme kwa bei ya chini sana anaweza kuumwaga nusu na bado akapata faida. Omani imelichukulia jambo hili kwa uzito: iliunda kampuni ya Hydrom mwaka 2022 kugawa ardhi kwa miradi hiyo, hasa Duqm na Dhofar, na ikajiwekea lengo la kufikisha angalau tani milioni 1 kwa mwaka ifikapo 2030.

Ila tazama inakokwenda hidrojeni hiyo. Kuisafirisha baharini ikiwa kimiminika ni lazima ipozwe hadi nyuzi 253 chini ya sifuri, kazi inayokula takriban theluthi ya nishati iliyomo ndani yake. Wajapani walijaribu, meli yao iitwayo Suiso Frontier ilileta shehena ya kwanza kutoka Australia hadi Kobe mapema mwaka 2022, na ilikuwa shehena ndogo kwa jinsi ya majaribio. Njia inayotazamiwa zaidi ni kuigeuza amonia, ambayo hupakiwa melini tangu zamani kwa ajili ya viwanda vya mbolea. Ukishafika bandarini Mombasa na amonia, kuivunja tena ili upate hidrojeni safi ya kulisha gari ni hasara nyingine juu ya hasara; kuitumia kama ilivyo, kwa mbolea, hakuna hasara hiyo. Ndiyo maana mkakati wa Kenya wa hidrojeni, uliozinduliwa Nairobi Septemba 2023, umeanza na mbolea, wala si magari. Nadhani jangwa la Omani litapata wateja wake katika chuma, mbolea na meli kubwa, na mwenye teksi wa Maskati atachaji betri kwa jua lile lile bila kupitia kiwandani.

Mhariri, sisi wa Mtwara tuna gesi yetu. Bajaji na teksi za Dar zinatembelea gesi. Kwa nini tusiitumie kutengeneza hidrojeni, na vituo vya gesi vikauza zote mbili?

Kuitengeneza inawezekana, tena ndivyo inavyofanyika duniani: sehemu kubwa sana ya hidrojeni ya leo hutokana na gesi asilia na makaa ya mawe. Gesi hukutanishwa na mvuke wenye joto kali, na kila kilo ya hidrojeni huacha nyuma kilo 9 hadi 10 za hewa ya ukaa. Anayetaka gari la hidrojeni kwa ajili ya mazingira hapo ameuhamisha moshi kutoka barabarani kwenda kiwandani.

Vituo ni jambo jingine kabisa. Mitungi ya gesi inayofungwa kwenye teksi za Dar es Salaam hufanya kazi kwenye baa 200. Hidrojeni ya magari inataka baa 700, na molekuli zake ni ndogo kiasi cha kupenya ndani ya chuma cha kawaida na kukifanya kiwe chepesi kuvunjika. Pampu, mabomba, vali, vyote vingenunuliwa upya. Isitoshe, seli ya fueli haivumilii uchafu: gesi ya kaboni monoksaidi, hata ikiwa kidogo sana, huziba platini na kuiua nguvu. Kama gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo itaendesha magari, na iendeshe injini moja kwa moja kama inavyofanya sasa, au iingie kwenye mitambo ya kufua umeme na umeme huo uchaji betri.

Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, Tabora. Kuna video inaonyesha mtu aliyetengeneza gari linalotumia maji tu. Pia, kwa nini wasifunge dinamo kwenye magurudumu ili gari la umeme lijichaji lenyewe linapotembea?

Marahaba. Maji ni hidrojeni iliyokwisha kuungua. Ni jivu lake, ukipenda. Kuitoa tena kwenye maji hugharimu nishati isiyopungua ile utakayoipata ukiichoma upya, na kwa vitendo hugharimu zaidi. Mmarekani Stanley Meyer aliwauzia watu ndoto hiyo hadi mahakama ya Ohio ilipoamua mwaka 1996 kwamba ni ulaghai na kumwamuru arudishe fedha za wawekezaji. Kampuni ya Genepax ya Japani ilikuja na gari la maji mwaka 2008, na mwaka uliofuata ikafunga mlango. Video hazitakwisha, kwa sababu hazigharimu kitu kuzitengeneza.

Dinamo nayo ni swali zuri zaidi, kwa kuwa kifaa hicho tayari kimo. Ukiachia mafuta au kukanyaga breki, mota ya gari la umeme hugeuka kuwa dinamo na kurudisha sehemu ya nguvu ya mwendo kwenye betri. Katika mteremko mrefu, kama ule wa kutoka Lushoto kwenda Mombo, dereva huona akiba ya betri ikipanda. Lakini wakati gari linavutwa na mota, dinamo ya ziada ingelizuia gurudumu kwa nguvu ile ile inayotaka kuizalisha na zaidi, na betri ingekwisha mapema kuliko kama isingefungwa. Mwulize mwalimu wako akupigie hesabu ya kazi na nishati ya gari la kilo 1,500. Ni zoezi linalofaa mtihani.

Nakuru hapa jua haliishi. Si paa la gari litoshe?

Paa na boneti vya gari dogo havina zaidi ya mita za mraba mbili zinazoweza kubeba paneli vizuri. Paneli bora za ukubwa huo hutoa wati 400 jua likiwa la utosi, na kwa siku njema utakusanya uniti mbili, yaani safari ya kilomita 10 au 12, mradi uliache gari juani siku nzima na ulikute limekuwa tanuri. Makampuni mawili ya Ulaya yaliyotegemea wazo hilo, Lightyear ya Uholanzi na Sono Motors ya Ujerumani, yaliacha magari yao mwanzoni mwa 2023, moja kwa kufilisika kwa tawi lake la uzalishaji na jingine kwa kukosa fedha. Paneli hizo hizo zikiwa kumi juu ya mabati ya nyumba yako zitakupa uniti 20, na hizo ni kilomita 100 na ushei kila siku.

Sisi tunaolima miwa Kilombero tumesikia kwamba Brazili magari yanatumia pombe ya miwa. Je, kuna gari la umeme la namna hiyo?

Lilikuwapo, na mimi hulisikitikia. Mwaka 2016 Nissan ilionyesha Brazili gari dogo la mizigo lililokuwa na tangi la lita 30 za ethanoli. Ethanoli iligeuzwa kuwa hidrojeni humo humo garini, ikapita kwenye seli ya fueli ya aina inayofanya kazi kwenye joto kali, na umeme ukachaji betri. Kampuni ilitaja umbali unaozidi kilomita 600. Uzuri wake ni kwamba ethanoli ni kimiminika cha kawaida: haihitaji baa 700 wala baridi ya ajabu, inabebwa kwenye lori kama petroli, na Brazili inaiuza katika vituo vyake tangu mpango wa taifa ulioanza mwaka 1975.

Lakini gari hilo halikufika madukani. Seli ya joto kali huchukua muda kupata moto na huchakaa kwa kuwashwa na kuzimwa mara kwa mara, jambo ambalo gari la mjini hufanya kutwa. Kuna pia suala la shamba. Ethanoli ya molasesi, ambayo ni mabaki ya sukari, haimnyang'anyi mtu chakula. Ethanoli ya miwa iliyopandwa mahali pa mpunga ni habari nyingine, na katika bonde la Kilombero sihitaji kuieleza.

Bwana Mhariri, mimi ni dereva wa teksi Mombasa. Nimeletewa Nissan Note ya e-Power kutoka Japani. Muuzaji anasema ni gari la umeme lisilohitaji kuchajiwa. Nikiacha, kuna Nissan Leaf ya bei nafuu. Nichukue lipi?

Muuzaji amesema nusu ya habari. Note e-Power, iliyoanza kuuzwa Japani Novemba 2016, inasukumwa na mota ya umeme peke yake, lakini umeme huo unatoka kwenye injini ndogo ya petroli ya lita 1.2 ambayo kazi yake ni kuzungusha jenereta. Betri yake ni ya uniti 1.5 tu, na hakuna mahali pa kuchomeka waya. Kila kilomita utakayokwenda imelipiwa kwenye kituo cha mafuta.

Hilo halilifanyi kuwa gari baya. Katika foleni ya Nyali au Likoni injini huzima, hupumzika, huwaka pale inapofaa, na breki hurudisha umeme, mafuta utaokoa. Ukilipeleka Nairobi kwa mwendo mmoja wa kasi faida hiyo hupungua sana, kwa sababu nguvu ya injini inazungushwa kuwa umeme kwanza wakati gari la kawaida lingeipeleka gurudumuni moja kwa moja. Kwa teksi ya mjini ni ununuzi wa busara, na ni teknolojia ya mpito iliyo tayari leo, tofauti na nyingi zilizotajwa hapo juu.

Leaf ndilo gari la umeme hasa, na kwa uniti za umeme wa Kenya, ambao karibu asilimia 90 hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, hakuna e-Power itakayolishinda kwa gharama ya kila kilomita. Hofu yangu ni joto la Mombasa. Betri ya Leaf za zamani haipozwi kwa maji, na matoleo ya kwanza yenye betri ya uniti 24 huchoka mapema katika nchi za joto. Kabla hujalipa, washa dashibodi utazame vijistari vidogo kandokando ya kipimo cha betri. Gari jipya lina 12, na cha kwanza kikizimika betri imekwisha kupoteza takriban asilimia 15 ya uwezo wake. Likibaki na nane au tisa, na wewe unakwenda kilomita 150 kwa siku, liache.

Niko Kigali. Pikipiki za umeme hapa hazichaji. Dereva anafika kituoni, anaacha betri iliyokwisha, anachukua iliyojaa, anaondoka. Kwa nini magari hayafanyi hivyo? Si ndiyo ingekuwa "petroli" ya gari la umeme?

Yamejaribu, na habari yake ina mafunzo kuliko ya hidrojeni. Mwaka 2007 Shai Agassi alianzisha kampuni ya Better Place, ikakusanya mamia ya mamilioni ya dola, ikajenga vituo vya kubadilisha betri Israeli na Denmark, na ikapata gari moja tu, Renault Fluence Z.E., lililokubali betri zake. Ilipofilisika Mei 2013 ilikuwa imeweka barabarani magari yasiyofika 2,000. Mashine zilifanya kazi vizuri. Betri ilibadilishwa kwa dakika chache. Kilichoshindikana ni kwamba kila mtengenezaji wa magari ana umbo lake la betri, mahali pake pa kuifunga na siri zake za kuipoza, na hakuna aliyetaka kuukabidhi moyo wa gari lake kwa kampuni nyingine.

China imefika mbali zaidi kwa sababu NIO inaunda magari na kumiliki vituo kwa wakati mmoja. Tangu 2020 mteja anaweza kununua gari bila betri na kulipia betri kwa mwezi, na vituo vyake vimezidi 2,000. Hata hivyo, kituo kimoja ni mashine kubwa yenye akiba ya betri zenye uzito wa nusu tani kila moja, na gharama yake hurudi tu pale magari ya aina moja yanapopita kwa wingi.

Pikipiki za Kigali zimeikwepa mitego hiyo karibu yote. Betri yake hubebwa kwa mkono, haihitaji roboti. Ampersand, iliyoanza biashara hiyo Kigali mwaka 2019, huunda pikipiki na betri na kuendesha vituo, kwa hiyo hakuna wa kugombana naye juu ya umbo. Dereva wa bodaboda hutembea kutwa katika mji mmoja, hana mahali pa kuchaji mchana, na kila dakika anayosimama ni abiria aliyepotea. Gari la mtu binafsi halina hali hiyo hata moja. Usiku kucha limelala nyumbani, na soketi iko hatua chache kutoka lilipo. Magari ambayo ningeyatazamia kufuata mfano wa pikipiki ni bajaji, teksi za kampuni moja, na malori yanayokwenda njia ile ile kila siku, kwa mfano kati ya bandari na ghala la makontena. Ukiona mwekezaji anawaahidi wenye magari binafsi vituo vya kubadilisha betri Kigali nzima, mwulize kwanza ni magari ya aina ngapi yaliyokubali betri yake.